Kurasa Alizoziruka Mwalimu Sikudhani

Siku ile asubuhi ilikuja mara mbili. Ya kwanza ilichungulia, ikaona watu bado wamelala, ikaenda zake. Ya pili ilikuja na jua lake kamili, ikakaa. Watu wa mji ule hawakushangaa. Saa zao zilikuwa na ukaidi huo tangu enzi za mababu: alasiri ikitaka iliitangulia adhuhuri, na jana, ikikumbuka kitu ilichoacha, ilirudi kukichukua, ikapita mtaani kama jirani aliyesahau mwavuli. Ukiwauliza wanaishije hivyo, watakucheka tu, wakuambie kwamba wao hupika wakisikia njaa.

Katika asubuhi hiyo ya pili, Mwalimu Sikudhani alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi yake, kanga mabegani, miwani puani, akisoma kitabu alichokipenda kuliko kitu chochote alichowahi kushika. Kitabu kiliitwa Mtoto Hana Haraka. Mwandishi wake hakuweka jina. Sikudhani alikisoma mara ya kwanza akiwa msichana, amejificha stoo kati ya magunia ya mahindi, na alipokimaliza alilia kwa hasira, kwa kuwa alitambua kwamba fimbo zote alizochapwa shuleni hazikuwa na sababu. Kitabu kilisema mtoto asichapwe. Kilisema somo limfuate mtoto alipo, na kwamba mtoto aliyechutama akiangalia siafu asiitwe darasani mpaka hamu yake ya siafu iishe. Msichana yule aliapa palepale kwamba akikua atajenga shule ya namna hiyo. Akakua, akajenga. Ndiyo shule hii tunayoizungumzia, iliyo pembeni kabisa mwa mji, yenye mlango wa mbele unaoelekea nyumba za watu, na mlango wa nyuma unaoelekea uwanda ambao hakuna aliyewahi kusema ameufikia.

Sasa, kukipenda kitabu ni jambo moja na kukitii ni jingine, na hawa walikitii hasa. Ukurasa wa kwanza ulisema: mtoto ni mgeni aliyekuja na zawadi, tusimpekue mlangoni. Watoto waliukariri kila asubuhi kwa sauti moja, wamesimama mlangoni, huku Mwalimu Kombo akiwapekua mifuko kuona kama kuna aliyeingia na pipi. Hakuna aliyeona ajabu. Ukurasa mwingine ulisema: mtoto akiuliza, acha ulichoshika, umsikilize. Ni maneno mepesi, maneno ya mama aliye jikoni. Lakini walimu wa shule ile walikuwa watu makini, na maneno mepesi yaliwakosesha usingizi. Wakakaa kikao. Tutaachaje tulichoshika, wakaulizana, ikiwa hatukushika kitu? Ikaamuliwa kila mwalimu ashike chungu. Na mtoto asipouliza, tutakiacha lini? Ikaamuliwa kila mtoto lazima aulize. Ndivyo ilivyozaliwa Siku ya Swali. Kila mwaka watoto wapya waliitwa uwanjani mmoja mmoja. Mtoto akatoa swali lake, na mwalimu aliyesimama mbele yake akaachia chungu, kikaanguka, kikapasuka, wazazi wakapiga vigelegele. Uwanja mzima ulijaa vigae. Watoto hawakuthubutu kucheza pekupeku, na mfinyanzi wa mji alijenga nyumba ya ghorofa.

Na asiyeuliza je? Sheria ilikuwepo, imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa nyuma: asiye na swali atatoka hapa. Mwenye kuufungua na kuufunga mlango ule alikuwa mkuu wa shule peke yake, mwingine haruhusiwi hata kuugusa bila ruhusa yake. Na kila mtu alijua kinachompata atokaye. Mguu wake wa pili ukishavuka kizingiti, husahauliwa. Si kusahauliwa kwa kupuuzwa, bali kufutika kabisa, katika kichwa cha mwalimu, cha jirani, na cha mama aliyemzaa. Lakini sheria hiyo haikumtisha mtu sana, kwa kuwa haijawahi kutumika. Mwalimu Sikudhani aliyasema hayo katika kila hotuba, tena kwa machozi ya furaha: "Shule yetu haijapoteza mtoto hata mmoja."

Mwaka huu, hata hivyo, palikuwa na Siwema. Leo ilikuwa Siku ya Swali na Siwema hakuwa nalo. Ndiyo maana Mwalimu akakitoa kitabu kabatini, akakipangusa vumbi, akakaa nacho kwenye ngazi. Alikuwa na miaka mingi hajakisoma. Alikuwa akikisikia kila asubuhi kikikaririwa, akadhani anakisoma.

Kukirudia kulimfurahisha na kumtia aibu kwa pamoja. Furaha ilikuwa pale pale alipoiacha: sentensi zile zilizomliza stoo zilimlegeza tena mwili, hata akatamani kumkumbatia mtu. Aibu ilikuwa mpya. Watoto wa kitabuni hawakuwa na makamasi. Hawakuwa na njaa. Walitembea msituni siku nzima wakigundua mambo, na hakuna aliyeeleza nani kawapikia waliporudi. Mwandishi alisema "mtoto, mtoto," ungedhani duniani kote yupo mmoja tu. Zamani Sikudhani hakuyaona hayo. Sasa aliyaona, akatabasamu, akakisamehe kitabu kama unavyomsamehe mzee wako anayekusimulia kisa kilekile. Na kadiri alivyofungua kurasa kurudi nyuma, vidole vyake vilipungua mikunjo. Akifika mbele vilizeeka, akirudi mwanzo vilikuwa vya msichana, na wino wa shule ukatokea kwenye kucha. Akajaribu mara kadhaa, kwenda na kurudi, kwa udadisi. Macho peke yake ndiyo yaliyobaki ya mtu mzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

Siwema alikuwa amesimama chini ya ngazi, viatu vizito miguuni, nywele zimesukwa kwa ajili ya sherehe.

"Marahaba, mwanangu. Umelipata?"

"Sijalipata."

"Umelitafuta?"

"Hapana."

Alisema hivyo bila jeuri. Hakuwa bubu mtoto huyu, wala mzito wa akili. Alizungumza vizuri, aliimba, aligombana na wenzake akitaniwa. Ila kuuliza hakuuliza. Kitu kikiwa mbele yake, kwake kilitosha kuwa pale.

"Sikiliza, Siwema," Mwalimu alisema, akainama, akashusha sauti. "Mimi nitakupa moja. Ukiitwa, sema hivi: kwa nini mwezi unanifuata ninapotembea? Zuri hilo. Wenzako wengi wamelitumia."

"Haunifuati, Mwalimu. Mimi ukitoka huwa nakaa barazani."

Mwalimu alicheka bila kutaka. "Basi sema, kwa nini mvua inanyesha."

"Lakini sitaki kulijua hilo. Nikisema nataka nitakuwa nimedanganya. Na kitabu kinasema mtoto asifundishwe uongo."

"Kinasema hivyo?"

"Ukurasa huo tunaukariri kila Jumatano," alisema Siwema, kwa upole, kama anayemkumbusha bibi yake mahali alipoweka ufunguo.

Mwalimu akavua miwani. "Haya, kichwani mwako mna nini siku nzima?"

"Naangalia. Pale ukutani kuna nyigu anajenga. Analeta udongo, anapaka, anaondoka. Leo hajaja."

"Na hutaki kujua kwa nini hajaja?"

"Amechoka," alisema Siwema. Akaaga, akaenda zake kuangalia ukuta.

Hakukaa sana akaja mama yake. Bi Mwanakheri alikuwa mshona magodoro, mwanamke mpana wa mabega, na nyuzi za msufi zilikuwa zimemnata kwenye mtandio. Hakupanda ngazi. Alisimama, akashika nguzo, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo.

"Mwalimu, sikuja kukubembeleza. Wewe una sheria zako na mtoto ni wangu, namjua, halitoki swali pale hata umchemshe. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Nitamsahau kweli? Maana nimemzaa mimi. Nimemnyonyesha. Nimelala naye chumba kimoja mpaka jana."

"Bi Mwanakheri, haijawahi kutokea..."

"Najua haijawahi. Nauliza ikitokea. Basi mimi nimejifunga uzi, tazama. Nikiuona huu nitajua nina mtoto." Akanyoosha mkono wa kulia, na kweli palikuwa na uzi mwekundu, mpya, umezungushwa kidoleni na kufungwa fundo la mshonaji.

Mwalimu akauangalia uzi, kisha jicho lake likateremka kwenye mkono mwingine, ule ulioshika nguzo. Kidole kilekile cha mkono huo kilikuwa na uzi wa pili. Huo ulikuwa mkuukuu, rangi imekwisha kabisa, umezama ndani ya nyama. Fundo lilikuwa lilelile.

"Na huu?" Mwalimu aliuliza.

"Upi?" Bi Mwanakheri akautazama, akashangaa kidogo. "Aa, huu. Huu ninao tangu zamani. Sijui nilifunga wa nini. Nimejaribu kuukata mara nyingi, nikishika mkasi naanza kulia, basi nauacha."

Baada ya hapo mama yule alisema mengi zaidi, lakini Mwalimu Sikudhani hakuyasikia. Alipoondoka, Mwalimu aliinuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya shule, kwenye mlango ule ambao haujawahi kufunguliwa. Alitarajia kutu. Bawaba zilikuwa laini, zimepakwa mafuta. Majani mbele ya kizingiti yalikuwa yamekanyagwa mpaka ardhi imekuwa ngumu. Na komeo, la chuma kizito, lilikuwa limelika sehemu moja, kishimo kidogo cha kung'aa. Aliweka dole gumba lake pale. Likaenea.

Alikaa chini ghafla, palepale, kwenye vumbi.

Nani? Nani niliyemfungulia. Alikuwa na kilemba, alikuwa na ushungi, alikuwa na jino bovu? Alilia? Nilimwambia nini? Mimi hupenda kusema kitu. Bila shaka nilimwambia kitu kizuri kutoka kitabuni.

Wangapi. Chuma hakiliki kwa mmoja.

Na jioni yake nilikula. Nililala. Nilisimama mbele ya wazazi nikasema hatujapoteza hata mmoja, nikalia kwa furaha, na machozi yale hayakuwa ya uongo, kwa sababu sikujua. Sasa mtu wa namna hiyo tumwite nani? Mwongo anajua. Mimi nilikuwa safi. Kila mlango ulipofungwa nilioshwa, nikawa mweupe, nikaanza upya na daraja la juu la wema. Afadhali ningekuwa mwovu, mwovu angalau anakumbuka.

Kama hakuna anayemkumbuka, yupo? Wanafalsafa wa mji huu wamebishana juu ya hilo barazani mpaka kahawa ikapoa, na wote wana nyumba na majina. Nadhani wangeulizwa wale walio nje. Nadhani yule aliye nje anajiona yupo vizuri tu, anasikia baridi, anajikuna. Aliyepungua ni nani basi? Labda ni sisi. Labda ndani ya mji huu tumebaki robo ya watu tuliokuwa, na tunajiona tumetimia.

Mwalimu alifungua kitabu tena. Hakutafuta faraja; alitafuta sheria. Alitaka kuona ni wapi mwandishi alisema mtoto lazima aulize. Akapekua mbele, akapekua nyuma, vidole vikizeeka na kurudi ujana, wala hakuiona. Hapakuwa na mlango wa nyuma. Hapakuwa na chungu. Akafika kwenye sura ya kumi na moja, na hapo mkono wake ukafanya kitu ambacho umekuwa ukikifanya tangu stoo: ukashika kurasa zote za sura hiyo kwa pamoja na kuziruka.

Akausimamisha mkono.

Sura ya kumi na moja aliijua kwa sifa tu. Ilikuwa sura ya kunde. Alipokuwa msichana aliisoma mistari ya mwanzo, akaona mwandishi anamenya kunde, akaruka. Alipokuwa mwalimu kijana akaona kunde bado zinamenywa, akaruka. Alipokuwa mkuu wa shule aliwaambia walimu wake wasijisumbue nayo, haina mafunzo. Ni sura ndefu, haina mtoto anayegundua kitu, haina sentensi ya kuandika ukutani. Hata karatasi zake zilikuwa nyeupe kuliko nyingine, na baadhi zilikuwa bado zimeshikana kwenye kingo, hazijakatwa.

Akazichana kwa kucha, akasoma.

Mwandishi alikuwa na mtoto ambaye haulizi. Basi. Ndiyo habari yenyewe. Walikaa ukumbini wakimenya kunde, tangu mvua za masika mpaka za vuli, na mwandishi akaeleza maganda, na kikapu, na kuku wanaozunguka. Kuna siku mwandishi aliingiwa na hofu, akatamani kumtikisa yule mtoto, lianguke swali lolote kutoka kwake kama embe, na akaandika kwa unyoofu kwamba hofu ile ilikuwa ya kwake mwenyewe: aliogopa kuonekana hajafanya kazi. Kuna siku aliumwa, na mtoto akamenya zote peke yake. Mwishoni mwandishi hakusema mtoto alibadilika. Aliandika kwamba hakumfundisha kitu anachoweza kukitaja, na kwamba hajawahi kukaa na mtu vizuri namna ile. Kisha sura ikaisha, na kitabu kikaendelea na mambo ya misitu.

Sikudhani alisoma sura hiyo akiwa na mikono ambayo hakuijua ni ya umri gani. Alilia, lakini si kama alivyolia stoo. Hapa hakuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mkono wake. Akakipenda kitabu upya, pamoja na misitu yake isiyo na mpishi, kwa sababu kilikuwa kimemsubiri miaka yote hiyo na kurasa zimeshikana, wala hakikumpigia kelele.

Kengele ikalia.

Uwanja ulikuwa umefurika. Wazazi walikaa kwenye mikeka pembeni, walimu walijipanga katikati na vyungu vyao, jua likasimama juu ya ukuta na halikwenda popote, kwa kuwa nalo lilipenda sherehe. Watoto wakaitwa. Mmoja akauliza kwa nini samaki hawakohoi, chungu kikapasuka. Mmoja akauliza kama Mungu ana mama, chungu kikapasuka, bibi yake akaziba uso kwa aibu na kupiga kigelegele hapohapo. Mmoja akauliza lile la mwezi. Vigae vikaruka huku na huku, na vumbi la udongo uliochomwa likapanda mpaka puani.

Mwisho akaitwa Siwema.

Aliyesimama mbele yake alikuwa Mwalimu Kombo. Usimdhanie vibaya Kombo. Alikijua kitabu chote kwa moyo, isipokuwa sura aliyoambiwa asiisome, na aliwapenda watoto kwa majina yao matatu matatu. Alikuwa amekipandisha chungu mpaka kifuani, akimwombea mtoto kimoyomoyo.

"Siwema binti Shaweji," alisema, "tupe swali lako."

Siwema aliangalia chungu. Akawaangalia watu. Akaangalia ukuta kama nyigu amerudi. Bi Mwanakheri, pale mkekani, alikuwa ameingiza ncha ya mtandio mdomoni na kuiuma.

"Sina, Mwalimu," alisema Siwema.

"Jaribu, mwanangu," Kombo alinong'ona. "Lolote. Hata la kitoto."

"Sina."

Hapo Mwalimu Sikudhani alitoka kwenye kiti chake. Akamfikia Kombo, akakipokea chungu kutoka mikononi mwake, akapiga magoti taratibu, kwa kuwa magoti yake yalikuwa ya umri wake halisi sasa, na akakiweka chini. Akakiweka vizuri, kikakaa, kizima. Wazazi walikuwa wamevuta pumzi tayari kwa vigelegele na hawakujua wazipeleke wapi.

"Nimeacha nilichoshika," alisema. "Hajauliza. Nimekiacha tu, nikae naye."

"Haipo hiyo, Bi Mkuu," Kombo alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Natamani ingekuwepo. Haipo kitabuni."

"Ipo. Sura ya kumi na moja."

"Ile ya kunde?"

"Ile ya kunde."

"Si ulituambia turuke?"

"Niliwaambia. Ilinichosha."

Minong'ono ikapita mikekani. Mfinyanzi wa mji, aliyekaa mstari wa mbele kwa heshima yake, alikitazama kile chungu kizima kwa wasiwasi. Kombo akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Na sheria? Mtoto hana swali, watu wote wamesikia. Mlango lazima ufunguliwe."

"Nitaufungua," alisema Mwalimu Sikudhani.

Bi Mwanakheri akapiga yowe, akainuka, akamkimbilia mwanawe akikanyaga vigae, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Mwalimu akamwendea, akamshika bega. "Tulia, mama. Mwanao hatoki. Mshike hivyo hivyo. Atokaye ni mimi."

"Kwa kosa gani?" Kombo aliuliza.

"Mimi ninalo swali, na wa kunijibu wapo huko nje."

"Nje hakuna mtu, Bi Mkuu. Hatujapoteza hata mmoja."

Akamwangalia kwa huruma, kwa kuwa alijua atamwonea huruma namna hii mara moja tu. "Kombo, njoo nawe unisindikize mpaka mlangoni. Utazame komeo."

Walikwenda wote, uwanja mzima ukiwafuata nyuma. Kombo alilitazama komeo. Aliona kile kishimo, akaona na alama nyingine pembeni, upana wa kiganja, pale ambapo mtu huegemea mlango mzito kumsaidia mwenzake kuusukuma. Akaweka kiganja chake, kikaenea. Uso wake ukabadilika, akawa kijana, kisha mzee, kisha mtu asiyejua yupi kati yao.

"Sitakusahau," alisema. "Wallahi sitakusahau, mimi siwezi."

"Utanisahau, ndugu yangu. Si vibaya. Ulinisaidia mlango huu miaka yote na hujui."

Akavuta komeo. Mlango ukafunguka bila kelele. Mwalimu Sikudhani aliogopa, nisikufiche. Aliogopa kama mtoto. Alikuwa mtu mwenye jina, kila aliyepita njiani alimwamkia, na nusu ya mji ilisomea kwake. Na hatua mbili tu mbele yake kulikuwa na hali ambayo hakuna hata mmoja wao angejua kwamba amewahi kuzaliwa. Alivusha mguu wa kwanza. Alivusha wa pili. Hakuufunga mlango.

Nyuma yake alisikia sauti ya Kombo, sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Jamani, nani ameuacha mlango huu wazi?"

"Aufunge mkuu wa shule," mzazi mmoja akajibu.

"Mkuu wa shule ni nani?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba shule ina mkuu, na kwamba mwingine asiye mkuu haruhusiwi kuugusa bila ruhusa yake, lakini hakuna aliyeweza kumtaja. Walibishana. Waliitisha kikao. Mlango ukabaki wazi, upepo wa uwanda ukaingia uwanjani, ukapeperusha vumbi la vigae. Siwema alijitoa taratibu kwenye mikono ya mama yake, akaja akakaa kizingitini, miguu ndani, akawa anaangalia nje.

Na nje kulikuwa na watu.

Mwalimu alikuwa amejiandaa kutembea mbali, labda siku nyingi, kuwatafuta. Hawakuwa mbali, ingawa kutoka ndani hakuwa amewaona. Walikuwa palepale, ng'ambo kidogo ya majani, wengi, wamekaa makundi makundi. Hakuna aliyewahi kuondoka. Wengine walikuwa watoto, na viatu vya sherehe miguuni. Wengine walikuwa watu wazima. Saa za mji ule, kama nilivyokwambia, hazikufuata mstari, na huku nje hazikufuata kabisa. Kwa hiyo walikuwepo pia wazee, na mmoja alikuwa na mvi nyingi kumshinda Mwalimu mwenyewe. Walipomwona waliinuka, wote, wakajipangusa nguo. Wakasema kwa sauti moja, kama walivyofundishwa:

"Shikamoo, Mwalimu Sikudhani."

Walimjua wote. Yeye aliwatazama uso baada ya uso, kundi hadi kundi, akijikamua kichwa mpaka kikamuuma, na hakumjua hata mmoja.

Yule mzee wa mvi ndiye aliyesogea, akamshika kiwiko asianguke.

"Mimi ndiye wa kwanza," alisema mzee. "Ulinishika mkono mpaka mlangoni. Mkono wako ulikuwa wa moto, ulikuwa na homa siku ile. Uliniambia nisiogope."

"Sikumbuki, baba yangu," alisema, akalia kwa sauti. "Nisamehe, sikumbuki kitu."

"Tunajua. Tulikuwa tukikusikia ukitoa hotuba." Mzee alimkalisha chini, naye akakaa, na wengine wakaanza kukaa kuwazunguka. Hakuna aliyekuwa na haraka. "Homa yako ilipoa?"

Mwalimu Sikudhani alijifuta uso kwa kanga. Akamtazama mzee yule machoni, kwa muda, akaona jicho moja lina doa la kahawia pembeni. Akalishika hilo doa akilini mwake, kwa nguvu zake zote.

"Unaitwa nani?" akauliza.

"Masudi."

"Masudi wa nani?"

"Masudi wa Bi Kijakazi, wa nyumba ya kona."

"Masudi wa Bi Kijakazi, wa nyumba ya kona," akarudia, na akageuka kwa msichana aliyekaa karibu yake. "Na wewe, mwanangu?"